Pointi Moja na Nusu

Makerere ilipoanza mwaka 1922, ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, wote wanaume, waliokuja kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kaulimbiu yake ya Kiingereza iliwahimiza wawe wanaume kwelikweli. Wakati ule hakuna aliyeshangaa. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikitafuta makarani, mafundi, waganga wasaidizi na walimu, na katika fikra za watawala kazi hizo zote zilikuwa na jinsia. Msichana wa Kiganda au wa Kichaga aliyebahatika kujua kusoma na kuandika alitarajiwa arudi nyumbani akawe mke mwema wa karani.

Historia ya wanawake katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki haina budi kuanzia hapo. Mara nyingi mjadala huanzia mwaka 1990, pale Uganda ilipoanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika mchujo wa kuingia chuo kikuu, na msikilizaji hubaki akidhani kwamba kabla ya hapo mlango ulikuwa wazi kwa wote sawasawa. Haukuwa hivyo. Kwa miaka 23 ya mwanzo wa Makerere, sifa ya kwanza ya kujiunga, ambayo haikuhitaji hata kuandikwa kwenye fomu, ilikuwa kuzaliwa mwanamume.

Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na Lord De La Warr ilikuja kutoka London, ikapendekeza Makerere ipandishwe iwe chuo cha juu kwa ajili ya Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Vijana wakaanza kupanda kilima kile kutoka kila upande. Mmoja wao alikuwa Julius Nyerere, aliyefika mwaka 1943 kusomea ualimu. Mwaka 1944, akiwa bado mwanafunzi katika chuo kisicho na mwanafunzi hata mmoja wa kike, aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake. Alikuwa amemsoma mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, akayapima maneno yake kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki aliokulia kati yao. Insha hiyo ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa. Inafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka 30 baadaye chama alichokiongoza mwandishi huyohuyo kingepitisha uamuzi ambao, bila kukusudia, uliwafungia wanawake mlango wa chuo.

Mwaka uliofuata insha ile, 1945, wanawake sita walipokelewa Makerere. Hawakupata nafasi hiyo kwa bahati. Kwa miaka kadhaa Lady Mary Stuart, mke wa Askofu Cyril Stuart wa Kanisa la Anglikana Uganda, alikuwa akiwasumbua wakuu wa serikali na wa chuo kuhusu elimu ya wasichana, na bweni la wanawake lililokuja kujengwa Makerere linaitwa kwa jina lake hadi leo. Chuo nacho kikaibadili kaulimbiu yake, ikawa inazungumzia kujenga kwa ajili ya siku zijazo.

Kupokelewa ni jambo moja, kufundishwa ni lingine. Kati ya waliotangulia alikuwamo Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima katika nchi ya Bunyoro, aliyepitia King's College Budo, shule ya wavulana iliyokuwa imeanza kupokea wasichana. Alikuja Makerere akitaka kusoma hisabati. Mhadhiri wa somo hilo akakataa katakata kumfundisha mwanamke. Hakusema hana uwezo, wala hakuuliza alama zake. Kilichomkera ni kuwa na mwanamke darasani kwake. Nyendwoha akalazimika kuhamia masomo mengine. Baadaye alikwenda Oxford, akasoma historia katika chuo cha St Anne's, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu.

Aliporudi Uganda kufundisha, alikuta mshahara wa mwalimu mwanamke uko chini ya ule wa mwanamume mwenye shahada kama yake. Alikataa kuupokea. Aliwaambia wakubwa kwamba ni afadhali afundishe bure kuliko kulipwa nusu ya haki yake, na suala hilo likafika hadi kwa Gavana Andrew Cohen, akalipwa sawa na wanaume. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji mashuhuri kutoka Kilimanjaro aliyefundisha sanaa Makerere na baadaye kuiwakilisha Tanganyika huko London. Sarah Ntiro aliishi hadi mwaka 2018, na katika uzee wake hakuacha kusimulia kisa cha yule mhadhiri wa hisabati. Alikuwa na haki ya kukisimulia. Mhadhiri mmoja, kwa dakika chache tu, alibadili mwelekeo wa masomo ya mtu, na hakuna kanuni ya chuo iliyomzuia.

Dar es Salaam ilianza na mwanamke mmoja. Chuo kikuu kishiriki kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Julie Manning alikuwa msichana pekee katika kundi hilo. Miaka ya 1970 alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, kisha Waziri wa Sheria wa Tanzania. Mwaka 1964 chuo kilihamia nje ya mji, juu ya kilima, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani.

Mlimani ya miaka ya 1960 ilipenda kujiona kama mahali pa mapinduzi. Wanafunzi walijadili ukombozi wa Msumbiji na Angola, walisoma Marx usiku kucha, na Oktoba 1966 waliandamana kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400. Pamoja na joto lote hilo la siasa, ni wachache waliouliza kwa nini karibu kila aliyesimama kuzungumza alikuwa mwanamume. Jibu lilianzia mbali na Mlimani. Shule za sekondari za wasichana zilikuwa chache, zenye kidato cha tano na sita zilikuwa chache zaidi, na zenye maabara ya fizikia zilihesabika kwa vidole. Mchujo wa chuo kikuu hupokea waliobaki baada ya michujo mingine mingi: darasa la saba, kidato cha nne, mahari, mimba, ada, na baba aliyeamua kwamba mtoto wa kiume ndiye atakayeuziwa ng'ombe ili asome.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mkoani kwa Nyerere mwenyewe, ikapitisha kile kilichokuja kuitwa Azimio la Musoma. Sehemu yake moja ilihusu chuo kikuu. Tangu hapo mwanafunzi asingetoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda Mlimani. Angepitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha angefanya kazi kwa takriban miaka miwili, na ndipo angeomba nafasi akiwa na barua ya mwajiri wake na ya tawi la chama kuthibitisha kuwa ni mtu wa tabia njema na mchapakazi. Lengo lilikuwa jema. Viongozi walichoka na wasomi wanaojiona wametoka sayari nyingine, wakataka chuo kijae watu wanaoyajua maisha ya wafanyakazi na wakulima.

Katika maandishi, sharti hilo halikumtaja mwanamke wala mwanamume. Katika maisha lilimwelemea mmoja wao. Miaka miwili ya kazi, ukijumlisha na ile ya jeshini, ilimkuta msichana katika umri ambao ndugu zake wanauliza posa iko wapi. Wengi waliolewa, wakazaa, wakapangiwa vituo vya kazi kufuata waume zao. Barua ya mwajiri nayo ilikuwa mikononi mwa mabosi ambao karibu wote walikuwa wanaume, na kumtegemea bosi akuandikie neno zuri ili ukasome kunaweza kuwa mtego kwa binti wa miaka 20. Idadi ya wanawake walioingia chuo ikaporomoka, na ikaporomoka haraka kiasi kwamba haikuhitaji utafiti wa miaka mingi kuiona.

Kilichofuata kinastahili kupewa uzito kuliko kinavyopewa. Serikali na chama viliyaona matokeo, vikakubali, na haikupita miaka mingi wanawake wakasamehewa sharti la kufanya kazi kwanza. Wakaruhusiwa kuomba nafasi mapema, na idadi yao ikapanda tena. Hapakuwa na kelele kubwa kwamba wamependelewa. Nchi ilikuwa imejifunza kwa vitendo kwamba kanuni inayowahusu watu wote inaweza kuwaumiza baadhi yao tu, na kwamba dawa yake ni kuirekebisha kanuni yenyewe. Wanaobishana leo kuhusu pointi za wasichana wangefanya vyema kurudi kwenye kisa hiki cha nyumbani kabla ya kutafuta mifano ya mbali.

Mwaka 1990 ni mwaka mzito katika historia hii, kwa vilima vyote viwili.

Mlimani kulikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch. Lilikuwa gazeti la ukutani, likiandikwa na kuchorwa na watu wasiojulikana, na katika siku zake za mwanzo liliwachoma wakubwa wa chuo na wanasiasa. Kadiri miaka ilivyopita, kalamu yake iliwageukia wanafunzi wa kike, hasa wale waliokataa kutongozwa. Msichana aliyepigwa panchi alichorwa ukutani kwa matusi ya kumvua nguo, kisha akatengwa: aliyeonekana kuongea naye au kukaa naye mezani alijua kwamba zamu yake inafuata. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Alikuwa amefaulu mitihani yote ambayo nchi ilimpa. Alipita mchujo wa shule ya msingi, wa sekondari, wa kidato cha sita na wa chuo, akafika mahali ambapo wenzake darasani ndio waliomkataa.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, ambacho kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kuanzishwa, kililipeleka suala hilo magazetini na hakikukubali lizimwe kama jambo la ndani la chuo. Wahadhiri wanawake nao walisimama. Mzee Punch hakurudi tena kuwa na nguvu aliyokuwa nayo. Kifo hicho kiliwafundisha wengi kwamba kuhesabu waliopokelewa hakutoshi. Lazima mtu aulize pia wanaishije wakishaingia, nani analala bweni gani, nani anaweza kwenda maktaba saa mbili usiku na kurudi salama.

Mwaka huohuo, Uganda ilikuwa ikitoka katika miaka 20 ya mapinduzi na vita. Makerere ilikuwa imepoteza walimu, vitabu na heshima yake. Katika bunge jipya na katika baraza la mawaziri walikuwamo wanawake wenye sauti, na ndani ya chuo kulikuwa na kundi dogo la wasomi wanawake waliokuwa wakidai kitengo cha masomo ya wanawake, ambacho kilipatikana mwaka 1991. Wasichana wakati huo walikuwa takriban robo ya wanafunzi wa Makerere. Kuanzia mwaka wa masomo 1990/91, kila msichana aliyefaulu mtihani wa kidato cha sita na kuomba chuo kikuu cha umma aliongezewa pointi 1.5 juu ya zile alizopata.

Pointi moja na nusu ni kiasi gani? Wengi wanaolalamika hawajawahi kukaa na kalamu wakapiga hesabu. Kwa utaratibu wa Uganda, alama ya A katika kidato cha sita ni 6, B ni 5, C ni 4, na kushuka hivyo hadi E yenye 2. Masomo ambayo ni ya lazima kwa kozi anayoiomba mwanafunzi huzidishwa mara 3, na somo linalofuata kwa uzito huzidishwa mara 2. Matokeo ya kidato cha nne nayo hayatupwi: kila somo lenye daraja la juu kabisa huongeza 0.3. Kwa hiyo mvulana aliyepata B katika somo la lazima amemzidi msichana aliyepata C kwa pointi 3 nzima. Ile 1.5 inaziba nusu ya pengo hilo. Ni sawa na masomo matano ya daraja la juu ya kidato cha nne, ambayo mtoto wa shule nzuri ya Kampala huyapata kwa sababu shule yake ina mwalimu wa kila somo. Haiwezi kumfanya aliyefeli awe amefaulu, na haiwezi hata kumpandisha mtu daraja moja kamili katika somo lake kuu.

Hata hivyo, si kitu kidogo. Katika kozi zinazogombaniwa, kama udaktari na sheria, waombaji hupangana kwa desimali, mmoja nyuma ya mwingine, na 1.5 inaweza kumsogeza mtu mbele ya makumi ya wengine. Mvulana aliyekosa sheria kwa pointi 0.4 ana uchungu wa kweli, na si haki kumwambia kwamba anaota. Hapo ndipo mjadala ulipoanza Kampala, na haujaisha.

Matokeo yalionekana mapema. Sehemu ya wasichana ikapita theluthi katika miaka ya 1990, kisha ikavuka asilimia 40 katika miaka ya 2000. Mabweni ya wanawake yakafurika. Ni kweli kwamba pointi hazikufanya kazi peke yake. Mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wengi wao katika masomo ya jioni, na wanawake waliokuwa tayari makarani, walimu na makatibu muhtasi wakarudi darasani kwa fedha zao wenyewe. Nani aliletwa na pointi na nani aliletwa na madarasa ya jioni ni hesabu ngumu kuitenganisha. Kitivo cha sheria, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha wanaume, mwaka 2004 kilipata mkuu wake wa kwanza mwanamke, Sylvia Tamale. Baadaye Lillian Tibatemwa-Ekirikubinza, profesa wa sheria, akawa naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, ofisi ambayo chini yake ndiko udahili unakofanyika.

Ila watafiti walipoyachambua majina ya waliofaidika, waliona jambo la kusikitisha. Wasichana walioingia kwa msaada wa zile pointi walitoka kwa wingi katika shule zilezile chache za katikati ya nchi, shule za zamani za misheni kama Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Namagunga, ya mwaka 1942. Hao walikuwa mabinti wa mawakili, maofisa na wafanyabiashara. Wengi wao wangeweza kuingia chuo hata bila pointi, na zilichofanya ni kuwahamisha kutoka kozi ya pili kwenye orodha yao hadi ya kwanza. Msichana wa Karamoja au Arua, ambaye shule yake haina mwalimu wa kemia tangu muhula wa kwanza, hakufikia kiwango cha chini cha kuomba. Pointi huongezwa juu ya kitu. Ambaye hakupata kitu hakuwa na pa kuongezewa.

Lawama hiyo ni nzito, na ni ya haki. Serikali ya Uganda iliijibu kwa njia nyingine. Mwaka 2005 ilitenga sehemu ya nafasi zake 4,000 za ufadhili kwa mgawo wa wilaya, pamoja na nafasi za watu wenye ulemavu na za wanamichezo, na nafasi nyingi zilizobaki ikazipeleka kwenye sayansi. Kuanzia mwaka 2001 Makerere, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ilikuwa pia na mpango wa kuwasomesha wasichana werevu wa familia maskini, kipaumbele kikiwa sayansi. Mpango huo ulianza na swali ambalo pointi 1.5 haikuliuliza: huyu binti ametoka wapi, na nani atamlipia?

Dar es Salaam nayo ilipata fedha za Carnegie wakati huohuo kwa ajili ya wasichana wa shahada ya kwanza. Lakini mchango wa Mlimani unaofaa kusimuliwa kwa kirefu zaidi ni wa aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kitivo cha sayansi kilianza kuwaita wasichana waliofaulu kidato cha sita kwa mchepuo wa sayansi, lakini kwa alama zilizopungua kidogo kiwango cha kupokelewa. Walikaa chuoni wiki sita kabla ya mwaka wa masomo kuanza, wakafundishwa upya fizikia, kemia na hisabati na wahadhiri walewale ambao wangewafundisha baadaye, kisha wakafanya mtihani. Aliyefaulu aliingia. Asiyefaulu alirudi nyumbani.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba ulikiangalia kilichopungua na kukitafuta kilipo. Msichana aliyesoma fizikia kwa kunakili ubaoni, bila kushika hata siku moja kifaa cha kupimia umeme, hakuwa na upungufu wa akili. Alikosa vipindi vya maabara. Wiki sita haziwezi kufidia miaka sita, ila ziliweza kuonyesha nani alikuwa amezuiwa na shule yake tu. Na akishaingia, hakuna mwenzake wa kiume aliyeweza kumnyooshea kidole kwamba alipewa cha bure, kwa kuwa mtihani alifanya. Mtu aliyewahi kukaa katika darasa la uhandisi akiwa msichana pekee anajua thamani ya jambo hilo dogo. Ubaya wake ni kwamba mpango wenyewe ulitegemea fedha za wafadhili, na uliwafikia wachache.

Wengine pale Mlimani waliamua kuanzia chini zaidi. Mwaka 1996 Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia za Kiswahili wanamjua zaidi kwa jina la Penina Muhando, pamoja na Amandina Lihamba, wote wa idara ya sanaa za maonyesho, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa pamoja, wakataja kinachowazuia kusoma: mwalimu anayewataka, njia ndefu ya kwenda shule, mzazi anayepokea posa wakati wa mitihani, aibu ya kunyoosha mkono darasani. Kisha wakaligeuza hilo kuwa igizo, wakaliigiza mbele ya mwalimu mkuu, walimu na wavulana. Msichana ambaye hajawahi kujibu swali darasani alijikuta amesimama jukwaani akimwigiza mwalimu mwenyewe, huku mwalimu huyo ameketi safu ya mbele. Baada ya onyesho palifuata mazungumzo, na shule ilitakiwa ieleze itafanya nini. Mlama baadaye aliongoza FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana yenye makao yake Nairobi, na Tuseme ikasambaa hadi nchi ambazo hazizungumzi Kiswahili lakini zimelibakiza jina lake.

Kenya nayo ilipita njia ya pointi, ikiwapokea wasichana katika vyuo vya umma kwa alama za chini kidogo kuliko za wavulana. Kwa upande wa Tanzania, kikwazo kimoja kikubwa kilibaki nje kabisa ya ofisi za udahili: hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba akiwa shuleni aliondolewa katika shule ya serikali, na ndoto ya chuo ikaishia hapo. Ruhusa ya kurudi shuleni baada ya kujifungua, iliyotolewa mwezi huo, huenda ikabadili sura ya Mlimani kuliko kanuni yoyote ya pointi.

Mbali na hapa, mizani ilielemea upande wa pili, na inafaa kuona ilivyokuwa. Nchini Marekani, wanawake walikuwa wameshawapita wanaume kwa idadi vyuoni kufikia miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Georgia, cha umma, kilianza kuhofia kupungua kwa wavulana, na miaka ya 1990 kikawa kinawaongezea pointi 0.25 wavulana waliobaki katikati, ambao alama zao hazikutosha kuwapokea moja kwa moja wala kuwakataa. Wasichana walishtaki, na mwaka 2000 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba pointi zile ni kinyume cha sheria. Vyuo binafsi havikuguswa, maana sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu huko Marekani haigusi udahili wa shahada ya kwanza katika vyuo binafsi. Mwaka 2006 mkuu wa udahili wa Kenyon, chuo kidogo cha Ohio, aliandika katika gazeti la New York Times akikiri kwamba wasichana wazuri waliachwa kwa sababu tu walikuwa wengi mno. Kwa hiyo mvulana wa Georgia na msichana wa Gulu, Uganda, wote wamewahi kuongezewa pointi. Tofauti ni kwamba msichana wa Gulu anaongezewa kwa sababu ya miaka ambayo nyumba, shule na sheria zilimnyima, wakati mvulana wa Georgia aliongezewa ili chuo kisionekane kimejaa wanawake. Hizo si sababu zenye uzito sawa.

Makerere sasa imefika penye swali hilohilo. Katika mahafali ya mwaka 2022 na ya 2023, zaidi ya nusu ya waliotunukiwa shahada walikuwa wanawake. Wapo wanaosema pointi 1.5 imemaliza kazi yake na ifutwe. Wengine wanataka ibaki kwa sayansi na uhandisi tu, ambako wavulana bado ni wengi mno. Idadi ya jumla inaficha mengi. Darasa la ualimu, sanaa au biashara linaweza kujaa wasichana, na chumba cha pili yake, cha uhandisi wa umeme, kikawa na wasichana wanaotosha benchi moja. Katika ngazi ya uprofesa, wanawake bado ni wachache.

Hoja yenye nguvu zaidi katika mjadala huu ni ile ya kuiacha pointi iishi, ila ibadili inachokitazama. Fomu ya maombi tayari ina jina la shule, wilaya na mchepuo wa mwombaji. Uganda ina uzoefu wa mgawo wa wilaya tangu mwaka 2005, na Mlimani inajua namna ya kumfundisha msichana wa fizikia kwa wiki sita na kumpima. Vitu hivyo vitatu, yaani pointi, wilaya na wiki za maandalizi, havijawahi kuunganishwa kuwa utaratibu mmoja katika nchi yoyote kati ya hizi. Vikiunganishwa, binti wa Gayaza atashindana na kaka yake kwa alama tupu, naye anaweza. Binti wa Karamoja ataongezewa zaidi ya 1.5, kisha atakaa wiki sita na mwalimu wa kemia kabla hajaulizwa swali la kwanza.